Kwenda Ushongo na Kisiwa cha Maziwe kule Pangani, kuanzia kupanga tarehe mpaka kurudi

Bichi za Zanzibar zinajulikana, Kigamboni wikiendi inajaa mpaka hakuna pa kutandika mkeka, lakini kuna kipande cha pwani huku mkoa wa Tanga, kusini ya mdomo wa Mto Pangani, ambacho unaweza kutembea asubuhi mchanga mtupu mbele na nyuma na mtu utakayekutana nae ni mvuvi anashona wavu au kina mama wanarudi na pweza. Kijiji kinaitwa Ushongo, na mbele yake baharini kama kilomita 8 hivi kuna Maziwe, kisiwa cha mchanga ambacho kinaonekana maji yakipwa na kinafunikwa yakijaa. Naeleza hapa namna ya kwenda kwa mtu wa kawaida asiye na gari, anayetokea Dar au Arusha na Moshi. Na naomba sana usome hatua ya kwanza hata kama utaruka nyingine zote, maana hiyo ndo inaamua kama utafika Maziwe au utaishia kuangalia bahari kwa mbali.

Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa mwezi, wikiendi ije baadae

Pwani yetu maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, hilo kila mtu anajua, ila watu wa bara wengi hawajui kwamba ukubwa wa maji na saa zake vinafuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ndo bamvua, maji yanapanda sana na kushuka sana, tofauti inafika mita 3 na zaidi. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Sasa uzuri wa pwani hii ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki, mwezi huu na mwezi ujao ni zilezile: maji yanajaa kwenye saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na yanakupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa zinasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka, maji yanajaa saa nne asubuhi na kupwa saa kumi jioni.

Kwanini nasisitiza hivi? Kwa sababu Maziwe unaenda asubuhi, upepo ukiwa bado umetulia, unataka ukifika mchanga uwe umetoka na ubaki nje masaa kadhaa, yaani unatafuta siku ambazo maji yanakupwa kati ya saa nne na saa sita mchana. Hizo ni siku za mwezi mosi mpaka mwezi nne hivi, na mwezi kumi na tano mpaka kumi na nane. Nahesabu kwa mwezi wa Kiislamu, na ndivyo wavuvi wenyewe wanavyohesabu, ukimuuliza nahodha wa Ushongo tarehe 12 inafaa atakujibu kwa swali, "hiyo itakuwa mwezi ngapi?" Kama una kalenda ya msikiti nyumbani au app inayoonyesha tarehe za Hijria basi una kila kitu unachohitaji, huna haja ya jedwali la mamlaka ya bandari.

Ukienda mwezi ishirini na mbili mathalani, asubuhi saa nne bahari imejaa, kisiwa hakuna au kimebaki kipande kidogo sana, na kupwa ni jioni wakati upepo ushaamka na mawimbi yameanza kupiga, nahodha mwenye akili atakukatalia na atakuwa sahihi. Lakini kama huendi Maziwe na una watoto wadogo ambao wanataka tu kuogelea mbele ya nyumba, hizo siku za maji mafu ni nzuri kwako maana bahari haiendi mbali, wakati kwenye bamvua ikifika saa nne asubuhi maji yameondoka kabisa na unayafuata kwa mguu kule mbele. Kwenye bamvua kuogelea ni saa tisa mpaka magharibi, hapo maji yapo kwenye mchanga mweupe, ya uvuguvugu kwa sababu yamepita juu ya mchanga uliopigwa jua siku nzima.

Ukishapata siku zako za mwezi ndo uangalie kama zinaangukia wikiendi au uombe ruhusa kazini.

Hatua ya 2: Miezi

Masika, kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei, acha. Mvua ni nyingi, barabara ya vumbi inakuwa matope na mto unaleta maji ya udongo mpaka baharini. Juni mpaka Agosti ni kusi, upepo wa kusini, imekaza, hewa ni nzuri na ya ubaridi lakini bahari inachafuka, kuna siku boti hazitoki. Mimi napendelea Septemba na Oktoba kusi ikishalegea na vuli haijashika, alafu Januari na Februari wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, joto lipo ila asubuhi bahari mara nyingi inalala na maji yanakuwa masafi unaona chini.

Ramadhani unaweza kwenda, watu ni wakarimu na futari ya huku ni ya kusafiri kuifuata, mihogo ya nazi, tambi, magimbi, uji wa pilipili manga, lakini ujue mchana vibanda vya chakula vinafungwa na wewe mgeni usile hadharani, hata kama hufungi. Beba vyako ule chumbani.

Hatua ya 3: Hela na mizigo

Toa hela ya kutosha ukiwa Tanga mjini. Pangani mjini huduma zipo ila ukishavuka mto kwenda Ushongo utategemea keshi na pesa ya kwenye simu, na wakala wa kijijini anaweza akakosa floti siku hiyohiyo unayotaka kutoa laki mbili. Beba na noti ndogondogo, mtu wa boda hana chenji ya elfu kumi.

Vitu vya kubeba ambavyo watu wanasahau: viatu vya kuingia navyo baharini (yeboyebo zinazobana mguu zinatosha, kandambili zinachomoka), kofia, nguo ya mikono mirefu ya kuvaa kwenye boti, dawa ya mbu, tochi, dawa zako kama unazo za kila siku, na khanga au kikoi. Khanga utaitumia kwa kila kitu, utajifunika jua, utakalia, utajifutia, na ukiwa mwanamke utajifunga ukipita kijijini. Kama una miwani yako ya kupigia mbizi beba, za kukodi zipo ila nyingi zimechoka na zinaingiza maji. Mifuko ya plastiki ile ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku toka Juni 2019, kwa hiyo beba kikapu, kinakufaa hata kurudi na takataka zako.

Hatua ya 4: Fika Tanga kwanza

Kutoka Dar mabasi ya Tanga yanaondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi, njia ni Chalinze, Segera, Muheza, kama kilomita 350, hesabu masaa sita mpaka saba. Kutoka Arusha na Moshi unakuja Same, Mombo, Korogwe, unakutana na njia ya Dar pale Segera. Utashuka stendi ya Kange.

Kuna njia ya mkato ya Muheza kwenda Pangani moja kwa moja, wengine watakushauri ushukie hapo, mi sikushauri kama ni mara ya kwanza, magari ni machache na ukifika Muheza jioni unaweza ukakwama. Lala Tanga, asubuhi panda gari ya Pangani, ni kilomita 50 tu.

Na kwa kuwa ni karibu, kama mko watu watatu wanne chukueni bajaji au taksi ya kukodi ili msimame Tongoni, haipo mbali kutoka mjini, kibao kipo barabarani. Pale kuna magofu ya msikiti na makaburi kama 40 ya zamani, mengine yana nguzo ndefu, na ukiangalia kwa makini kwenye nguzo utaona mashimo ya duara ambayo zamani yalikuwa na sahani za kichina zilizopachikwa. Mji huo uliitwa Mtangata, na Vasco da Gama alipita hapo mwaka 1498, meli yake moja, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu, na mwaka uliofuata walipokuwa wanarudi kutoka India mabaharia wakawa wamepungua kwa maradhi, hawakutosha kuendesha meli zote, wakaichoma moto hukohuko. Mpe mlinzi muda akuzungushe, lipa kiingilio, chukua risiti.

Hatua ya 5: Pangani mjini, usipite tu

Wengi wanashuka kwenye gari na kukimbilia pantoni. Ukiwa umefika asubuhi kaa hata masaa mawili, mji wenyewe ni mdogo unaumaliza kwa mguu. Nyumba za zamani zenye milango ya nakshi na roshani zipo barabarani tu, nyingi zimechoka, zingine zinabomoka huku watu wanaishi ndani, na inaniuma kila nikiziona maana huu ulikuwa mji mkubwa, misafara ya bara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa inaishia hapa kabla ya kuvuka Unguja.

Ni hapahapa Agosti 1888 watu wa pwani walipokataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, vita ikaongozwa na Abushiri bin Salim na kusambaa pwani nzima, na ni hapahapa Pangani walipomnyonga Desemba 1889. Boma la Wajerumani bado lipo na bado linatumika kama ofisi za serikali, kwa hiyo usianze kupiga picha hovyo, ingia, salimia, omba ruhusa. Kuna ofisi ya utalii mjini, vijana wanaongoza matembezi na pia wanapanga safari za boti kupandisha mtoni kwenye mikoko na minazi. Ile ya mtoni jioni ni nzuri sana, ndege ni wengi, ila hairuhusiwi kichwani kwako kuwaza kuoga mtoni, mamba wapo.

Kula hapa. Asubuhi vitumbua na maharage ya nazi, mchana wali wa nazi na changu au kolekole wa kukaanga, na dafu unakatiwa hapohapo barabarani.

Hatua ya 6: Kuvuka na kwenda Ushongo

Ng'ambo ya mto ni Bweni, na kuvuka kwenyewe ni kwa pantoni, dakika chache tu, abiria wa mguu analipa hela ndogo sana. Subiri magari yashuke yote kwanza, alafu pita pembeni, kuna haraka ya kijinga pale ya watu na pikipiki kugombania mlango. Barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani mpaka Bagamoyo inajengwa pamoja na daraja la kuvuka mto huu, kwa hiyo ukiwa Tanga ulizia hali ilivyo siku hiyo, wapi wanapitisha magari na kama kuna njia ya mchepuko.

Bweni utapata boda wengi. Mpaka Ushongo ni kama kilomita 15. Patana bei kabla hujapanda na useme wazi unakwenda wapi Ushongo, maana kijiji kimekaa kirefu ufukweni na mahali pa kulala pametawanyika, ukisema Ushongo tu utashushwa mwanzo alafu utembee na begi mchangani. Mabegi makubwa chukua bajaji.

Njiani utapita kwenye mashamba ya mkonge ya zamani. Sehemu hii, shamba la Kikogwe, ndipo mkonge wa Tanzania ulipoanzia mwaka 1893, Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, ikapandwa hapa. Kutokana na hiyo 62 nchi ikaja kuwa ya kwanza duniani, mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000. Mtu wa Tanga akikuambia babu yake alikuja kukata mkonge kutoka Kigoma au Songea au Burundi ujue hadithi yake ilianzia kwenye hii barabara ya vumbi.

Hatua ya 7: Ukifika kijijini

Mahali pa kulala pa aina zote papo, kuna loji za bei ya wageni wa nje, kuna banda za makuti za bei ya kati, na kuna sehemu za kupiga hema. Piga simu kabla, hasa Desemba na Pasaka na wikiendi ndefu. Ukitaka kupiga hema nje ya sehemu hizo usijipangie mwenyewe ufukweni, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji, jitambulishe, sema unakaa siku ngapi. Sio urasimu, ni heshima, na usiku kukitokea lolote kuna mtu anajua upo.

Salamu huku bado zina uzito. Mzee yeyote unampa shikamoo yake kabla ya kuuliza bei, na ukikuta watu wanavuta jarife, ule wavu mkubwa, usisimame na simu juu, salimia, ukiweza shika kamba uvute nao, baada ya hapo picha utapiga mpaka uchoke na samaki utauziwa kwa bei ya kijijini. Bikini na kaptula fupi ziishie kwenye maji na mbele ya loji, kijijini kuna madrasa na watoto na wazee.

Maji yakipwa asubuhi ya bamvua nenda ukawatazame kina mama wanaotafuta pweza. Nenda na mmoja wao, muombe, mpe chochote mwishoni. Utashangaa wewe unaona mwamba tu na yeye anaona nyumba. Anatafuta tundu ambalo mbele yake kuna maganda ya kaa na chaza yametupwa na vijiwe vimepangwa mlangoni, maana pweza akila anatoa taka nje na akiingia anajifungia kwa mawe. Mama anaingiza kijiti taratibu, anatulia, mkono unamwambia kama kuna mtu ndani, pweza akishika kijiti basi anavutana nae pole pole bila hasira, akitoka anageuzwa kichwa na kupigwapigwa kwenye mwamba mpaka alainike. Inachukua dakika moja kwa anayejua. Akiuza hapohapo utanunua mbichi, umpelekee anayekupikia akuwekee nazi.

Ukitembea huko kwenye miamba vaa viatu. Kuna viumbe wenye miba mirefu myeusi, mwiba ukikatikia mguuni safari imeisha, na kuna samaki wanaoitwa taa wanaojifukia mchangani kwenye maji ya magoti, kwa hiyo usinyanyue miguu, iburuze, taa akisikia anaondoka mwenyewe. Kipindi cha kaskazi konyeza, wale laini kama ute wanaowasha, wanakuja kwa wingi siku zingine, uliza wenyeji kabla hujaingia, wakisema leo wapo usibishane nao. Na kabla hujaenda mbali jua saa ya maji kugeuka, yakianza kurudi kwenye bamvua yanarudi haraka na yanaanza kujaza vile vijito vya nyuma yako wakati wewe bado unaangalia mbele.

Hatua ya 8: Maziwe

Panga boti siku moja kabla, kupitia mahali ulipolala au kwa nahodha anayejulikana kijijini. Patana bei ya boti nzima, sio ya kichwa, alafu mgawane, kwa hiyo ukikutana na wageni wengine jioni jiungeni, watu sita mnalipa kidogo sana kila mmoja. Kabla ya kutoa advansi uliza haya: life jaketi ni ngapi na uzione kwa macho, injini ikizima kuna tanga au injini ya akiba, na bei ina kiingilio ndani au haina. Maziwe ni hifadhi ya bahari, kiingilio kinalipwa kwa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kwa kontroli namba, bei ya Mtanzania na mgeni ni tofauti, kwa hiyo uwe na kitambulisho. Mtu akikuambia "nipe mimi ntalipia" bila risiti, kataa kwa upole.

Ondokeni mapema, saa mbili asubuhi mwisho, mfike maji yakiwa bado yanashuka. Mnakuta fungu jeupe limetoka katikati ya bahari, hakuna jani hata moja. Hapo ndo mtu unabidi ujue ulichosimama juu yake, kwa sababu wazee wa Ushongo na Pangani wanakumbuka kisiwa chenye msitu wa mivinje, wavuvi walikuwa wanapumzika kwenye kivuli, na kasa walikuwa wanapanda kutaga hapa kuliko sehemu nyingine yoyote ya pwani hii. Miti ikapungua, kuna iliyokatwa na kuna iliyoangushwa na bahari ikila kingo, na kufika miaka ya 1980 ilikuwa imekwisha yote. Bila mizizi mchanga hauna wa kuushika, sasa unahama kila msimu na maji makubwa yanapita juu yake.

Kivuli kwa hiyo hakuna, boti zingine zinakuja na turubai na miti ya kusimamisha, uliza. Beba maji ya kunywa lita mbili kila mtu na chakula, mnaweza kukubaliana nahodha awachomee samaki hapohapo, na jivu na mkaa mrudi nao.

Matumbawe yapo pembezoni na ni mazuri, samaki wa rangi zote, ila pwani ya Tanga iliumizwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, na tumbawe likishavunjika linachukua miaka kurudi. Kwa hiyo usisimame juu yake hata dakika, ukichoka lala chali uelee au shika boti. Usiokote kombe hata tupu, kaa wanahamia humo. Asiyejua kuogelea avae jaketi na abaki upande wa mchanga, nahodha atakuonyesha ni upi, kuna upande mkondo unavuta.

Akisema tuondoke, mnaondoka. Watu wanapenda kuomba nusu saa nyingine kwa ajili ya picha, lakini nahodha haangalii saa yako, anaangalia upepo ambao mchana unaamka na mawimbi ambayo atarudi nayo yakimpiga ubavuni akiwa na watoto wako ndani.

Hatua ya 9: Kasa, kama wapo

Hii huwezi kuipanga kwa uhakika ila unaweza kuulizia, na kwangu mimi ndo sababu kubwa ya kuja. Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga, wanarudi palepale japo kisiwa hakiko tena vile. Mayai yakiachwa pale bahari inayafunika na yanaoza, kwa hiyo walinzi wa kijijini wanayachimbua mapema, wanayahamishia ufukwe wa Ushongo juu ya mstari wa maji makubwa, wanayafukia upya kwa kina kilekile na kuandika tarehe. Kiota kimoja kina mayai mia na zaidi, meupe, laini, ukubwa wa mpira wa meza, na yanabebwa bila kugeuzwa maana kijusi kikishajishikiza kwenye ganda ukikigeuza kinakufa.

Baada ya miezi miwili hivi yanaanguliwa. Kwa kuwa tarehe imeandikwa walinzi wanajua takriban siku gani, ndo maana ukifika tu uliza mahali ulipolala kama kuna kiota kinachokaribia. Ukibahatika utaona mchanga unabonyea katikati, alafu kichwa kimoja cheusi, alafu kimya, alafu ghafla wote wanachemka kutoka kwa pamoja na kukimbilia maji. Simama nyuma yao, usisimame kati yao na bahari, usiwashike wala kuwabeba hata kama mmoja amechelewa, mlinzi atasema kama kuna wa kusaidiwa. Hakuna flashi, hakuna tochi nyeupe, kitoto cha kasa kinafuata mwanga na ukiwasha simu kitakuja kwako badala ya kwenda baharini. Watakuomba mchango, toa, na utoe vizuri, sehemu ya hela hiyo inarudi kwa aliyeonyesha kiota, na ndo inayofanya kijana wa kijijini aone faida ya kukilinda kuliko kuuza mayai. Nyama na mayai ya kasa ni kosa kisheria kuuza na kununua, ukiuziwa mahali popote usinunue hata kwa kuonja.

Hatua ya 10: Kurudi, au kuendelea kusini

Boda wa kukurudisha Bweni mpange usiku wa kuamkia safari na uchukue namba yake, alfajiri hakuna gari zinazopita kijijini ovyo ovyo. Ukitaka kufika Dar siku hiyohiyo uwe umevuka mto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upate gari ya kwanza ya Tanga, na basi la saa nne Kange ulikate tiketi kwa simu jana yake.

Kama una siku mbili za ziada na mko na gari, usirudi Tanga, teremka kusini kupitia Mkwaja uingie Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ile ambayo wanyama wanafika mpaka ufukweni, alafu utokee Bagamoyo. Lipa kiingilio cha hifadhi kwa kontroli namba kabla hujafika getini, jaza mafuta Pangani, na vaa nguo za rangi nyepesi, bluu na nyeusi zinaita mbung'o na wanauma juu ya suruali. Mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, muulize dereva wa lori yeyote pale Bweni kabla ya kuingia njia hiyo, yeye ndo ametoka huko asubuhi.